Karani wa Matundu

Bata mzinga hana kosa lolote katika haya nitakayoyasema, na naomba hilo lieleweke mapema asije akabebeshwa lawama zisizo zake. Ndege wa watu anaishi porini kwake, anachakura majani makavu akitafuta matunda ya mialoni, anajitunisha mbele ya matetea wake, basi. Wenye kosa ni binadamu wanaomtaka, na mstari wa mbele kabisa yupo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tangu ahamie hapa Kentucky amegeuka mtaalamu wa jambo ambalo nikimsimulia mama kule Morogoro kwa simu, ananyamaza kidogo, kisha ananiuliza kama tunakula vizuri.

Jambo lenyewe ni kuoanisha choki ya bunduki na risasi zake.

Kwa asiyejua, na heri yake, bata mzinga hapigwi mwilini. Dume aliyekomaa ana kilo nane hadi kumi na moja, kavaa manyoya mazito, na kifua chake ndicho unachokitaka mezani. Anapigwa kichwani na shingoni, na hapo penyewe pa kummaliza, ubongo na uti wa shingo, ni pembamba mno, halafu mwenyewe hatulizi kichwa hata sekunde mbili. Ndiyo maana hutumiwa bunduki ya marisau, ile inayotema punje mamia kwa mpigo mmoja. Punje zikitoka mtutuni zinakuwa zimekusanyika, na kadiri zinavyokwenda ndivyo zinavyotawanyika. Choki ni kibomba kifupi cha chuma kinachofungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye mdomo wa mtutu. Tundu lake limebana kidogo kuliko mtutu wenyewe, ili marisau yatoke yameshikamana na yachelewe kuachana.

Huo ndio ujuzi wote. Kama dunia ingekuwa na haki ningeishia hapa, nikaenda zangu kunywa chai.

Lakini haina. Na lalamiko langu la kwanza ni vipimo. Mimi nimesomeshwa mita, kilo na lita, na nimechapwa viboko kwa ajili ya milimita. Hapa nimekuta geji. Geji 12 maana yake ni hii: chukua pauni moja ya madini ya risasi, igawe mafungu kumi na mawili yaliyo sawa, kila fungu lifinyange liwe goroli. Goroli hiyo ikienea barabara kwenye tundu la mtutu, mtutu huo ni geji 12. Kwa hiyo geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, maana pauni ikigawiwa wengi kila mmoja anapata kidogo. Ukishajipongeza kwamba umeelewa, unaletewa bunduki ya .410, ambayo si geji hata kidogo. Hiyo imepimwa kwa inchi. Ukiuliza kwa nini, umejitakia hotuba, na shemeji hotuba hazimwishi.

Namba za marisau nazo zinatembea kinyumenyume. Namba 4 ni kubwa kuliko namba 6, na namba 6 ni kubwa kuliko namba 9. Kanuni ipo: toa namba hiyo kwenye 17, jibu ni kipenyo cha punje kwa sehemu za mia za inchi. Namba 4 basi ni sehemu 13, yaani milimita 3.3, na namba 9 ni sehemu 8, milimita mbili tu. Nani alikaa kitako akaona 17 ndiyo namba nzuri ya kuanzia hesabu? Shemeji anasema hilo halinihusu. Linanihusu, kwa kuwa anayehesabu ni mimi, kama mtakavyoona. Aunsi moja ya namba 6 ina punje kama 225. Ya namba 4 ina kama 135. Na ugomvi wote umezaliwa hapo. Ukitaka punje nyingi, kila moja inakuwa nyepesi na inaishiwa nguvu njiani. Ukitaka punje nzito, zinakuwa chache, na kichwa cha ndege kinaponea kwenye mapengo.

Sasa soma sanduku la risasi. Urefu wa ganda kwa inchi, uzito wa marisau kwa aunsi, kasi kwa futi kwa sekunde, halafu pembeni kuna kipimo kinachoitwa drami. Drami ilikuwa ya kupimia baruti nyeusi ya kale, ile ya moshi mzito, ambayo ndani ya risasi za leo haimo hata chembe. Wanakutangazia kwamba risasi hii ina nguvu sawa na drami kadhaa za kitu ambacho hawakukitia. Kwenye risasi za bata mzinga wengine wamechoka hata kutaja idadi. Wameandika tu kwamba nguvu imefika ukomo. Bega la shemeji ni shahidi. Tangu mwaka 1988 kuna maganda ya geji 12 yenye urefu wa inchi 3½, na mtu akishayafyatua machache akiwa amekaa kwenye benchi, utamwona anaanza kuzungumza na watu kwa adabu. Jioni mke wangu alimchua kwa mafuta ya karafuu huku akimwuliza kwa upole kama ndege naye huwa anaumia hivyo.

Nani alituletea balaa hili la kubana mdomo wa mtutu? Waingereza wanamtaja William Rochester Pape wa Newcastle, aliyepata hataza mwaka 1866. Wamarekani wanamtaja Fred Kimble, mwindaji wa bata wa huko Illinois. Wote wawili wamekwisha kwenda zao, na wote wawili nawadai.

Maana waliacha mambo yakiwa mepesi, wakaja warithi. Zamani ngazi za choki zilikuwa chache na mtu aliweza kuzishika kichwani. Kuna silinda, ambayo haibani kitu. Kuna silinda iliyoboreshwa, inayobana elfu kumi za inchi hivi. Kuna modifaidi, elfu ishirini. Kuna fulu, elfu thelathini na tano hivi. Zilipimwa kwa duara la inchi 30 lililowekwa yadi 40 kutoka kwa mpigaji, mita 37 kasoro kidogo: silinda iingize asilimia 40 ya marisau yake, iliyoboreshwa 50, modifaidi 60, fulu 70. Mdomoni mwa choki huchongwa alama ili uitambue bila kuifungua: alama moja ni fulu, nne ni silinda iliyoboreshwa. Yaani hapa tena kichache ndicho kikali. Nimekwisha kuacha kushangaa.

Kwa watu wa bata mzinga, fulu ni ya kuchezea watoto. Wao wana choki zao maalumu, nyingine zimetobolewa tobolewa ubavuni, nyingine zimepakwa rangi ya majani, na zote zinajulikana kwa namba: .670, .665, .660, .655. Hizo ni kipenyo cha tundu kwa inchi, wakati mtutu wenyewe wa geji 12 una .729 hivi. Kati ya .665 na .660 pana tofauti ya elfu tano za inchi, unene wa karatasi ya daftari na ushee. Kwa tofauti hiyo watu wazima wenye watoto wa kusomesha hutoa dola 30, hutoa 60, na wapo wanaotoa 100, halafu hurudi nyumbani na kuificha kwenye soksi.

Dukani tulimwuliza muuzaji, kijana mwenye ndevu za kupendeza, ni choki gani inaendana na risasi tulizoshika. Akasema inategemea. Tukamwuliza inategemea nini. Akasema inategemea bunduki. Tukamtajia bunduki, na modeli yake, na urefu wa mtutu. Akaitikia kwa kichwa, akafikiri, akasema hata hiyo nayo inategemea. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa kuwa alikuwa anasema kweli tupu. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja, modeli moja, zikapewa choki moja na risasi za sanduku moja, zitatawanya marisau kila moja kwa namna yake. Hakuna kitabu, hakuna fundi, hakuna binamu aliyeko Tennessee anayeweza kukujibu kabla hujafyatua. Kilichonikera ni kwamba alisema hayo akiwa tayari ameshatupigia hesabu ya choki mbili.

Na usidhani ukishanunua umemaliza. Kila mtengenezaji wa bunduki ana nyuzi zake za skrubu, na wapo wenye aina zaidi ya moja ndani ya nyumba hiyohiyo. Choki ya huyu haingii kwa yule. Mzee mwenye shamba anayeturuhusu kufanyia majaribio kwake, nje kidogo ya Louisville, alitufungulia droo ya kabati lake la zana. Imejaa choki. Alizitoa moja moja akitusimulia. Hii ilikuwa ya bunduki aliyoiuza. Hii alinunua akidhani itaingia. Hii iliingia ikakataa kutoka. Hii alipewa na mtu ambaye naye haikumwingia. Shemeji alikuwa anatazama droo ile kwa macho ya kutamani, na mimi nilikuwa natazama hatima yake.

Mzee huyohuyo, kwa haki yake, ana jambo moja ambalo halifanyii mzaha. Ganda la geji 20 kwa desturi hutengenezwa kwa rangi ya manjano, na sababu ni ya kutisha. Likichanganyika mfukoni na ya geji 12, likatumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12, linateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu, na chemba inaonekana tupu. Mtu akiongeza risasi yake halali nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mikononi mwake. Kwa hiyo kabla ya chochote, mzee hukagua mifuko ya wageni wake. Akiona manjano kwa mwenye geji 12, siku hiyo hakuna mlio. Hapo sina lalamiko.

Tuje sasa kwenye ajira yangu. Zoezi hili huitwa kupiga karatasi. Karatasi pana ya kufungia mizigo inabanwa kwenye ubao, katikati inachorwa shingo na kichwa cha bata mzinga, shemeji anarudi nyuma yadi 40, anakaa kwenye benchi, anaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, anapiga. Kisha anaifungua bunduki, anaiweka chini, ananitazama. Mimi ndiye karani. Natembea hadi kwenye karatasi nikiwa na kalamu ya wino mzito na sahani kubwa ya mke wangu, ile ya kupakulia biriani wakija wageni, kwa kuwa nimeipima na upana wake ni inchi 10 kamili. Duara la inchi 10 ndilo kipimo cha watu hawa. Naweka sahani palipo na matundu mengi zaidi, nazungusha kalamu, naanza kuhesabu. Wenyewe wamekubaliana kwamba ukipata matundu mia ndani ya duara hilo kwa yadi 40, una kitu cha kwenda nacho porini.

Kuhesabu matundu kunaonekana rahisi kwa mtu aliyekaa benchi. Kila tundu lazima ulitie alama ya wino, la sivyo utalirudia. Upepo unatikisa karatasi. Punje mbili zikipita karibu karibu zinaacha tundu moja lenye kiuno katikati. Shemeji anapaza sauti kutoka kule kwamba hayo ni mawili, mimi naona moja. Kuna tundu kubwa lililochanika ovyo, hilo halikutobolewa na punje bali na kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau ndani ya ganda. Shemeji angependa nalo lihesabiwe, kwa heshima ya safari yake. Kuna tundu lililokaa juu ya mstari wenyewe wa duara. Nimewahi kuwa msimamizi wa kuhesabu kura nyumbani, na nakuhakikishieni mawakala wa vyama hawakunisumbua hivi.

Matokeo nayo yalikuwa na kejeli yake. Ile choki ya bei mbaya, .655, ambayo shemeji aliibusu kabla ya kuifunga, ilitupa marisau kwa mafungu mafungu: rundo huku, rundo kule, na katikati pengo zuri la kutosha kichwa cha bata mzinga kukaa kwa raha. Fulu iliyokuja bure na bunduki, ile iliyokuwa imesahaulika ndani ya boksi, ikasambaza punje zake bila upendeleo. Shemeji aliniamuru nihesabu upya. Nikahesabu upya. Akasema pengine nimechoka. Mzee akahesabu yeye, akapata nilichopata mimi, akaondoka bila neno.

Sababu haina uchawi. Marisau ya kawaida ni ya madini laini. Ukiyalazimisha kupita penye kubana mno, yanagongana na kubonyea, na punje iliyobonyea hairuki ikanyooka; inakwenda zake pembeni. Kadiri punje zinavyokuwa kubwa ndivyo zinavyochukia kubanwa, kwa hiyo choki inayoipenda namba 6 inaweza kuiharibu namba 4. Zipo pia risasi ambazo kikombe chake cha plastiki kimetengenezwa kuyashikilia marisau yenyewe na kuyaachia taratibu baada ya kutoka mdomoni. Hizo zinafanya kazi ya choki tayari, na ukizipitisha kwenye choki yenye matundu ubavuni zinagombana nayo. Maelezo hayo yameandikwa kwenye pakiti kwa herufi za kusomwa na sisimizi, upande wa ndani, utakaouona ukishaichana.

Halafu ipo fedheha nyingine. Duara linaweza kuwa zuri, limejaa, karani kafurahi, ila limekaa kiganja kizima kushoto kwa bata. Mtutu na shabaha yake si lazima waone mamoja, na ukibadilisha choki au risasi, kilichokuwa katikati jana kinaweza kuhama. Basi unaanza tena na karatasi nyingine, na karani anaanza tena na moja.

Shemeji alipoona madini ya kawaida yanamwangusha, akahamia kwenye tungisteni. Hayo ni marisau ya aloi nzito, yenye gramu 18 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati ya kawaida yana 11 hivi. Kwa kuwa ni mazito na magumu, punje ndogo kabisa ya namba 9 inabaki na nguvu hata mbali, haibonyei ovyo ndani ya choki, na aunsi moja inabeba punje 360 na ushee. Nilipohesabu karatasi ya kwanza ya tungisteni, kalamu iliniishia wino. Nakiri ni kitu cha ajabu. Lakini sanduku la risasi tano hufika dola 50, na linapita, kwa hiyo kila mlio ni noti ya kumi inayochomwa moto. Mke wangu alichukua bei hiyo, akaiweka sambamba na ya bata mzinga wa dukani mwezi wa Novemba, aliyekwisha nyonyolewa, kusafishwa na kugandishwa, akamwonyesha kaka yake kwamba anabakiwa na hela ya viazi. Kaka mtu akasema dada haelewi. Dada mtu akasema anaelewa sana, ndiyo maana anauliza.

Faraja ninayojipa ni sheria ya mwaka 1937, inayotoza asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi zinapotoka kwa watengenezaji, fedha zikaenda kuhifadhi wanyamapori. Mwanzoni mwa karne iliyopita bata mzinga alikuwa amekwisha toweka kwenye majimbo mengi, misitu imekatwa na yeye amewindwa kwa ajili ya soko. Akarudishwa kwa kazi ya subira: kunaswa kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga, kufungiwa kwenye maboksi, kusafirishwa na kuachiwa milima mingine. Leo wapo mamilioni. Kwa hiyo kila shemeji anapokosa, ndege wanachangiwa. Kwa mchango aliokwisha utoa, nadhani wanamfahamu kwa jina.

Lakini lalamiko langu kubwa, ambalo hayo mengine yote ni utangulizi wake, ni hili: haya yote ni ya kununulia umbali. Uwindaji wa bata mzinga majira ya machipuko uzuri wake wote uko kwenye kumwita. Unakaa chini umeegemea mti, una kiboksi cha mbao chenye kifuniko cha kusugua, au kibamba cha jiwe na kijiti, unalia kitetea, na dume lililo upande wa pili wa kilima linajibu kwa mngurumo unaotikisa ukungu. Kisha linakuja, kwa hiari yake, hatua kwa hatua, likijitunisha. Kumleta yadi 25 ndio ufundi. Sasa mtu badala ya kujifunza kulia vizuri ananunua elfu tano za inchi ili asihitaji kuita. Watu wanajisifia yadi 60, ndege anaondoka na punje mbili mwilini akafie vichakani, na mpigaji anasema choki haikufaa. Choki ya kuwaleta ndege karibu haijatengenezwa, na ingetengenezwa shemeji angekuwa ameshaiagiza.

Asubuhi ya msimu, katikati ya Aprili, tulikuwa porini kabla jua halijachomoza. Nilikaguliwa mavazi: hakuna nyekundu, hakuna nyeupe, hakuna buluu, kwa kuwa kichwa cha dume hubadilika kati ya rangi hizo tatu na hutaki mwindaji mwingine akudhanie. Sheria ya machipuko inataka ndege dume au mwenye ndevu, ule mshipi wa manyoya magumu unaoning'inia kifuani, kwa hiyo lazima uone kwanza. Shemeji alikuwa amerudisha ile choki ya .655, safari hii na tungisteni, kwa kuwa kwenye karatasi ya yadi 40 walikuwa wamepatana. Akalia kitetea. Pakajibiwa. Akalia tena. Pakanyamaza muda mrefu, mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Dume likatokea nyuma ya gogo, hatua kumi kutoka tulipokaa. Hatua kumi! Niliona kope zake. Niliona ule mkia wa nyama juu ya mdomo ukirefuka. Shemeji akapiga, gome la mti nyuma yake likaruka, na bata mzinga akaondoka kwa miguu, bila haraka kubwa mwanzoni, kisha kwa haraka kubwa sana.

Mchana tulirudi kwa mzee tukapiga karatasi kwa choki ile ile na risasi zile zile, kwa yadi 10. Haijawahi kuwa rahisi kazi ya ukarani. Tundu lilikuwa moja tu, la ukubwa wa ngumi. Marisau yote yalikuwa hayajaachana bado, na ukikosea shabaha kwa upana wa kiganja, umekosa ndege mzima. Hakuna aliyekuwa amepiga karatasi karibu, kwa kuwa hakuna aliyenunua choki ghali ili apige karibu. Wenye kutaka ushauri wangu, basi ni huo, na siutozi: pigeni karatasi kwa yadi 10 pia, na 20, na 30, mjue bunduki inafanya nini kila mahali, kisha mkubali choki mnayoweza kuishi nayo, hata kama ni ile ya bure.

Shemeji alisikia nusu ya ushauri. Alirudisha fulu ya bure, akabaki na tungisteni yake, na kabla msimu haujafunga akaleta dume lenye ndevu ndefu lililopigwa kwenye yadi 30 hivi. Miguu ya ndege wa porini ni migumu, imejaa mishipa, kwa hiyo mke wangu aliichemsha nusu siku kwa tangawizi na vitunguu saumu, kifua akakiunga kwa nazi. Majirani walikuja. Shemeji alisimulia. Mimi nilikuwa nimejitengea kipande cha juu ya kifua, karibu na shingo, nikakiuma kwa furaha zote za karani aliyelipwa hatimaye, na likasikika tak!

Punje ya namba 9. Tungisteni haibonyei ndani ya choki, haibonyei hewani, na nimethibitisha kwamba haibonyei kwenye gego. Jino lilipasuka mpaka kwenye fizi. Bili ya daktari wa meno sitaitaja hapa, ila ingetosha kununua choki za ukoo mzima. Punje niliipiga picha nikamtumia shemeji, pamoja na picha ya eksirei ili asiseme natia chumvi. Baada ya muda mrefu akapiga simu. Alinipa pole kweli, kwa sauti ya mtu aliyeguswa, akaulizia kama nimeweza kula. Kisha akakohoa kidogo.

“Samahani lakini, shemeji,” akasema, “hiyo punje ilikuwa ndani ya duara au nje?”